Njooni mnikague: barua ya wazi kwa wakubwa wa manispaa kutoka kwa mchora tatuu

Dar es Salaam

Kwa: Mkurugenzi wa Manispaa
Mganga Mkuu wa Manispaa
Afisa Biashara
Afisa Afya

Waheshimiwa,

YAH: OMBI LA KUKAGULIWA NA KUWEKEWA UTARATIBU WA KAZI YA KUCHORA TATUU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tafadhali rejeeni pia barua zangu zilizogongwa mihuri ya masijala yenu, ambazo hadi leo hazijajibiwa.

Naandika hadharani kwa sababu njia za ndani nimezimaliza. Nimeandika, nimepanga foleni, nimekaa kwenye benchi la mapokezi. Nimepigwa danadana kutoka dirisha la biashara kwenda la afya, la afya kwenda la mazingira, na la mazingira likanirudisha la biashara. Hakuna aliyenivunjia heshima, na dada mmoja wa masijala alinipa hadi kiti chake. Majibu tu ndiyo sijayapata. Kisha jioni moja wakaja mgambo.

Ombi langu huenda likawashangaza. Wafanyabiashara wengi wa mji huu wakisikia bwana afya yuko mtaani hushusha shata. Mimi naomba aje, aingie hadi ndani, afungue makabati, aulize maswali magumu na aandike anachokiona.

Nianze na kazi yenyewe, maana katika fomu zote mlizonipa nijaze hakuna hata mstari mmoja ulioniuliza ninaifanyaje.

Mkono wangu ulianza na hina. Nimekulia Tanga, na mstari usiotetemeka nilijifunza kwenye viganja vya mabibi harusi kabla sijashika mashine yoyote. Hina ukiikosea, baada ya wiki mbili tatu imekwenda. Tatuu ukiikosea, mtu anazikwa nayo. Kwa hiyo kazi yangu imejengwa juu ya uoga, na uoga huo sitaki unitoke. Mteja akiingia kwangu anakutana kwanza na kiti na maswali. Mashine iko kabatini.

Naomba kitambulisho, cha NIDA au cha mpiga kura. Asiyefika miaka 18 namrudisha nyumbani hata akija na shangazi yake, na mashangazi wamenigombeza sana. Nauliza kama amekunywa. Nauliza kuhusu mimba, kisukari, na dawa za kuzuia damu kuganda. Nauliza kama ana mpango wa kuomba kazi polisi au jeshini, kwa sababu matangazo yao ya ajira huandika waziwazi kwamba mwombaji asiwe na alama za kuchorwa mwilini. Wapo vijana ambao hawajawahi kulisoma sharti hilo mpaka nilipowaonyesha kwenye simu, wakashukuru, wakaondoka. Anayetaka jina la mpenzi namwambia arudi baada ya miezi mitatu. Wengi hawarudi, na sijawahi kuwauliza kwa nini.

Baada ya maswali naitazama ngozi. Naomba kuona bega lenye kovu la ile chanjo ya kifua kikuu tunayochomwa tukiwa wachanga, na ndewe za masikio kama zimetobolewa. Kovu likiwa limevimba, linang'aa, limeenea kuliko kidonda kilivyokuwa, najua mwili huo huota keloidi. Sisi wenye ngozi nyeusi hupatwa nayo zaidi kuliko weupe. Mtu wa namna hiyo simchori, aongeze hela asiongeze. Namweleza sababu, na kama ana nia ya kupendeza namwelekeza kwenye hina halisi.

Ruhusuni niongee kidogo kuhusu ngozi nyeusi, maana hapo ndipo mafundi wa vichochoroni wanapowaumiza watu. Wino wa tatuu hukaa kwenye ngozi ya ndani, kama milimita moja hadi mbili chini. Ukiuweka juu mno unatoka pamoja na ngozi inayopukutika. Ukiuzamisha mno unatawanyika, mstari unaonekana umevuja. Sasa, weusi wetu uko kwenye ngozi ya juu, yaani juu ya wino. Kila rangi tunayoiweka tunaitazama kupitia weusi huo. Njano na waridi hafifu hupotea kabisa. Picha nyingi wanazokuja nazo wateja kwenye simu zimechorwa kwenye ngozi ya mzungu: mistari myembamba kama unywele na vivuli vya kijivu ambavyo kwetu havitaonekana. Fundi asiyejua, akiona rangi haitokei, huongeza nguvu, hupitisha sindano palepale mara ya nne na ya tano, na hapo ndipo anapolianzisha kovu. Lawama anaitupia ngozi ya mteja.

Mimi naipanga picha upya. Nanenepesha mstari, naacha sehemu tupu za ngozi zifanye kazi ya mwanga, napunguza vitu ili kila kimoja kipate nafasi ya kupumua, maana mstari wa tatuu hupanuka kadiri miaka inavyokwenda. Akitaka rangi, naweka kwanza vidoa vya majaribio mahali pasipoonekana, kisha arudi kidonda kikishapona tuone kilichobaki. Hii humaanisha mtu aje mara mbili kwa kazi ambayo jirani angeimaliza mchana mmoja, na humaanisha pia kwamba nachora watu wachache. Nimekubali.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni ya makovu ya moto. Mji huu umejaa wanawake walioungua kwa uji au chai wakiwa watoto na ambao hadi leo hawavai mikono mifupi. Kovu lisilovimba, lililokwisha kutulia mwaka mzima au zaidi, linaweza kuchorwa, lakini halichoriki kama ngozi nyingine. Sehemu moja inakunywa wino wote, inayofuata inaukataa. Huna haja ya kufika na picha kutoka mtandaoni. Nakaa na mhusika, nalifuatisha kovu kwa kalamu, mkono mtupu, hadi lenyewe lituonyeshe umbo. Mama mmoja alikuwa na kovu kuanzia kiwiko hadi karibu na bega; tukaligeuza tawi la mlangilangi. Tulilifanya kidogo kidogo, kwa vikao vifupi, akilipa kwa awamu. Hakusema mengi siku tulipomaliza. Aliniomba tu mkasi, akakata mikono ya gauni alilokuja nalo.

Sindano ni moja kwa mtu mmoja, na pakiti yake naifungua mbele yake. Wino naumimina kwenye kikombe kidogo, na unaobaki naumwaga; haurudi kwenye chupa. Vishikio vya chuma vya mashine nilikuwa naviosha, navifunga kwenye mifuko yake na kuvitia kwenye otoklevu, chombo kinachoua vijidudu kwa mvuke wa nyuzi joto 121, kwa nusu saa, hadi tepu ya kiashiria ibadilike rangi. Nasema "nilikuwa" kwa sababu nitakayoieleza katika hoja ya tatu. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa hai nje ya mwili, kwenye tone la damu lililokauka, kwa siku 7 au zaidi. Kupangusa kishikio kwa spiriti na kumwita anayefuata ni kucheza kamari na ini la mtu.

Baada ya kuyasema hayo, malalamiko yangu ni haya.

1. Mmeniweka kwenye kundi lisilo langu.

Leseni yangu inasema saluni. Nilipoomba iandikwe kazi ninayoifanya, niliambiwa kundi hilo halipo, nichague lililo karibu. Sikuwa na tatizo na ada, nailipa. Tatizo ni kwamba kundi ndilo linaloamua maswali ya mkaguzi. Afisa mmoja alikuja akakagua kama anavyokagua saluni: kioo, mataulo, ndoo ya maji, mwanga, choo. Nikamwonyesha otoklevu. Akasema, "Dada, hiyo haipo kwenye fomu yangu." Akasaini, nikapita. Kazi inayotoboa ngozi na kutoa damu ilipitishwa kwa usafi wa mataulo. Mimi nilipaswa kufurahi; nilirudi ndani nikiwa na wasiwasi, nikifikiria ni wangapi wengine wamepita kwa fomu hiyohiyo wakiwa hawana hata glavu.

2. Sindano zangu hazina pa kwenda.

Kila katriji ya sindano iliyotumika naitupa kwenye kisanduku maalumu cha sindano, kile cha zahanati. Kisanduku kikijaa kinatakiwa kichomwe kwenye tanuri la taka za hospitali. Zahanati moja binafsi ilikuwa inanisaidia kwa malipo, kisha ikaelezwa kwamba hairuhusiwi kupokea taka za mtu asiye kituo cha afya. Nilipokuja kwenu niliambiwa kwamba mimi si kituo cha afya, kwa hiyo sizalishi taka za hatari. Nikauliza: sindano yenye damu ya mtu ni taka gani? Nikaambiwa nisubiri mhusika, yuko semina.

Gari la taka la mtaa lingezichukua bila swali. Zingeishia dampo la Pugu, mahali ambapo watu wanaokota chupa na vyuma kwa mikono mitupu. Kwa hiyo visanduku vyangu vimejaa na vimefungwa, vimepangwa kwenye chumba ninachokilipia kodi ili kutunza taka. Ni nani mwingine katika mji huu anakodi chumba cha takataka kwa sababu serikali ya mtaa wake haijajua takataka hizo ziitweje?

Nimeshasema nitalipa. Nitapeleka mwenyewe. Nipeni tu mahali na siku.

3. Mgambo walichukua kifaa kinacholinda watu.

Sikuonyeshwa karatasi. Walisema wametumwa kwenye oparesheni ya "biashara zisizoeleweka". Leseni iko ukutani, nimeiweka kwenye fremu. Mmoja aliinua mashine yangu akauliza kama ni ya kutobolea kufuli. (Mashine ya tatuu ya umeme ilipewa hataza New York mwaka 1891, kwa jina la Samuel O'Reilly, aliyeichukua kutoka kalamu ya umeme ya Edison. Nilitamani kumweleza, lakini haikuwa jioni ya historia.) Waliondoka na mashine mbili, taa, na otoklevu. Viti, wino na kabati waliacha.

Tafakarini mpangilio huo. Mashine ya kuchorea huazimwa, na wino waliuacha. Kitu cha kuua vijidudu ndicho walichoondoka nacho. Kama ningekuwa mtu wa tamaa ningeazima mashine kesho yake na kuendelea na vishikio vya chuma bila utakasaji wowote, na kwa fomu yenu ya saluni ningekuwa salama kabisa kisheria. Badala yake nimeacha vishikio vya chuma, natumia vya kutupa tu, ambavyo ni ghali, na kazi za makovu zinazohitaji vifaa vyangu vya zamani nimezisimamisha. Wapo wanaosubiri na tawi lililochorwa nusu. Vifaa viko stoo yenu. Mlinzi aliniruhusu kuvichungulia. Otoklevu imewekwa juani karibu na baiskeli za matenga.

4. Mnaowatafuta hamtawakuta kwa njia hii.

Mwenye anwani ndiye anayevamiwa. Mwenye bango, risiti na namba ya mlipakodi ndiye anayepatikana saa kumi na mbili jioni. Fundi anayechora getoni kwa mashine iliyoundwa kwa mota ya redio ya kaseti na waya wa gitaa, akitumia wino wa kalamu, hana bango. Anafuatwa kwa simu, na kila mnapomvamia mtu kama mimi, wateja wangu wawili watatu wanaogopa na kumpigia yeye kwa sababu kwake hakuna anayeingia. Vifaa vya bei rahisi vinauzwa waziwazi Kariakoo. Mtoto wa kidato cha pili anaweza kuvinunua akiwa na sare ya shule.

Na hapa lazima nitaje piko, ingawa halimo kwenye kazi yangu. Kwenye harusi na sherehe zetu watoto wa kike wanapakwa piko jeusi kwenye ngozi. Ni poda ya kupaka nywele rangi, na nyingi zina kemikali iitwayo PPD. Umoja wa Ulaya unairuhusu kwenye rangi ya nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2 na haukubali ipakwe kwenye ngozi. Nimeona mikono yenye malengelenge yaliyofuata maua yaleyale yaliyochorwa, kana kwamba mtu amechapa ua kwa pasi. Aliyeungua hivyo huweza kubaki na mzio wa rangi za nywele maisha yake yote. Hina ya majani haina dhambi hiyo. Nimeipaka tangu utoto. Lakini piko hakuna aliyewahi kulifanyia oparesheni, kwa sababu linafanywa na mashangazi, na mashangazi hawafanani na wahuni.

5. Neno "uhuni".

Nimelisikia dirishani kwenu, limesemwa kwa upole, kama ushauri. "Binti mzuri, mbona kazi ya kihuni?" Sitabishana nalo sana. Naomba tu lisiwe sababu ya kiofisi ya faili kukaa.

Waheshimiwa, najua majibu yatakayokuja, kwa sababu mengine nimeshayapokea kwa mdomo.

Mtasema hakuna sheria inayotaja tatuu. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 ipo, na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 inawapa ninyi uwezo wa kutunga sheria ndogo. Mmetunga za maegesho, za mabango na za mifugo inayozurura. Karatasi moja kuhusu sindano haiwezi kuwashinda.

Mtasema ni rahisi zaidi kupiga marufuku. Jiji la New York lilifanya hivyo mwaka 1961, na sababu waliyoitoa ilikuwa homa ya ini. Marufuku ilidumu hadi mwaka 1997. Katika miaka yote 36 watu waliendelea kuchorwa, ila vyumbani, bila mkaguzi yeyote kugusa kifaa. Uingereza walipita njia nyingine: tangu mwaka 1969 ni kosa kumchora aliye chini ya miaka 18, na kwa sheria ya mwaka 1982 halmashauri zao huweza kuwasajili wachoraji na vyumba vyao. Japani kulikuwa na ubishi kama mchoraji lazima awe daktari, hadi Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo ilipoamua mwaka 2020 kwamba kuchora tatuu si tiba. Simaanishi tunakili ya wageni. Naonyesha kwamba swali hili limeshaulizwa kwingine na jibu halikumshinda mtu.

Mtasema hamna wataalamu wa kukagua. Mnao. Afisa afya anayejua kukagua zahanati anajua kuangalia otoklevu, tepu ya kiashiria, daftari la utakasaji, kisanduku cha sindano na beseni la kunawia. Kwenye zahanati sindano inaingia mwilini na kwangu sindano inaingia mwilini. Damu haijui imetolewa kwa ajili ya nini. Nimeshawaandalia orodha ya ukaguzi, ikaambatanishwa na barua yangu ya kwanza. Kama imepotea nitaleta nyingine.

Mtasema si utamaduni wetu. Hapo naomba niwe mkali kidogo. Wamakonde wa Newala, na wa Mueda kule Msumbiji, walichanjwa usoni na kifuani kwa mistari na pembe zilizopangwa kwa ustadi, mkaa ukasuguliwa kwenye chale ili alama ibaki, na wazee wachache wenye nyuso hizo bado wapo. Wadatoga wana duara za chale kuzunguka macho. Kwenye mapiko, vinyago vya Wamakonde vinavyovaliwa ngomani, wachongaji waliweka chale za Kimakonde kwa nta ili sura ya kinyago ifanane na ya mtu. Na nje ya ofisi ambayo nimekaa nikisubiri mara nyingi kuna kinyago cha Kimakonde cha Mwenge, mzee mwenye chale mashavuni, kinafutwa vumbi kila asubuhi. Mgeni akija kinasifiwa. Mimi nimeketi chini yake nikiwa na barua yangu, nikiambiwa alama mwilini zimetoka Ulaya.

Mtasema dini. Naijua Mambo ya Walawi 19:28, na ninajua mashekhe wanavyoisema kazi hii. Nimezaliwa katika nyumba ya Kiislamu na mama yangu hajaifurahia hadi leo. Mteja akisita kwa ajili ya imani yake namwambia aende akamwulize kiongozi wake kabla hajalipa. Lakini manispaa inatoa leseni za baa na inakagua mabucha ya kitimoto. Hamkumwuliza mwenye baa habari za akhera yake. Mlimwuliza habari za choo. Niulizeni na mimi habari za choo.

Wapo watakaosema tatuu huharibu maisha ya vijana, wakijuta inabidi waunguze ngozi kwa pasi au asidi. Ni kweli wapo wanaofanya hivyo, na vidonda vyake ni vibaya kuliko tatuu yoyote. Mwaka 2018 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwa nini alama haitoki: chembe za kinga za mwili huumeza wino, zikifa huutema, na chembe mpya huudaka palepale. Kuufuta kunahitaji leza inayofaa kwa ngozi nyeusi na mtu aliyefundishwa kuitumia, na bei yake wengi hawaiwezi. Hiyo ndiyo sababu namhoji mteja kabla sijamchora. Kiwango chenu kikilazimisha mahojiano hayo kwa kila mchoraji, pamoja na kitambulisho na siku kadhaa za kufikiri kwa anayekuja mara ya kwanza, watakaojuta watapungua. Fomu ya saluni haimlazimishi mtu kuuliza chochote.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na nayaomba kwa maandishi.

Kwanza, nirudishiwe vifaa vyangu au nipewe barua inayotaja kosa na kifungu. Hili haliwezi kusubiri mengine. Kuna watu wana kazi nusu mwilini.

Pili, Afisa Biashara na Afisa Afya wakae meza moja waiandike kazi hii kwa jina lake, na waweke masharti ya chini kabisa: umri wa miaka 18 kwa kitambulisho, sindano mpya kwa kila mtu, otoklevu yenye daftari au vifaa vya kutupa tu, chanjo ya homa ya ini B kwa mchoraji, fomu ya ridhaa, na marufuku ya rangi za nywele kwenye ngozi. Hili la mwisho liwaguse na wapaka hina. Wachoraji tuitwe tutoe maoni. Nawafahamu wenzangu kadhaa wanaofanya kazi safi na wanaoogopa kujitokeza. Mkitangaza kikao cha heri watakuja.

Tatu, kituo kimoja cha afya cha manispaa kipokee visanduku vya sindano kutoka kwa wachoraji kwa ada. Mkiona vyema, kipokee pia kutoka kwa wanaotoboa masikio na pua, maana nao mmewasahau.

Nne, nipangiwe siku ya ukaguzi. Mkipenda msinipangie, mje ghafla, nitaridhika zaidi. Nikikutwa na kasoro nifungiwe hadi niirekebishe, na taarifa ibandikwe mlangoni wateja waisome.

Nitasubiri majibu kwa siku 30 tangu barua hii ipokewe masijala. Zikipita, nitaipeleka pamoja na zile za mwanzo kwa diwani wetu, na kwa ofisi ya Mkuu wa Wilaya siku ya kusikiliza kero za wananchi, nikiwa na visanduku vyangu vya sindano vilivyofungwa, ili anayehusika aniambie pale pale niviweke wapi.

Nafungua kila siku isipokuwa Jumatatu, kuanzia saa nne asubuhi. Mkaguzi akija na fomu ya zahanati badala ya ile ya saluni atanikuta tayari kwa kila swali, isipokuwa lile la otoklevu. Hilo itabidi aje nayo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mchora tatuu na mpaka hina

Nakala:
Afisa Afya wa Kata
Mtendaji wa Kata
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa
Wateja wangu wanaosubiri